Kupima halijoto kwa uma mdogo wa kwatsi ulio wazi hewani: mwongozo kamili

Fungua saa yoyote ya ukutani inayotumia betri, utakuta kikopo cha bati chenye upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 6, kimeshikwa na miguu miwili ya waya. Mafundi saa hukiita kristali. Ndani yake mna uma wa kwatsi (quartz) wenye meno mawili, kila jino likiwa na urefu wa karibu milimita 4 na unene wa theluthi moja ya milimita. Umeme ukipita, meno hayo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saa hupoteza majira ikipata joto au baridi kwa sababu kasi ya mtetemo huo hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo tutakayoyageuza kuwa kipimajoto.

Mwongozo huu unahusu uma uliofunguliwa, unaogusana na hewa moja kwa moja. Faida yake ni wepesi wa kufuata halijoto. Uma uliofungwa ndani ya kopo huchukua nusu dakika hadi dakika moja na zaidi kulingana na hewa iliyouzunguka, wakati ulio wazi huchukua sekunde chache, kwa kuwa una miligramu chache tu za kupashwa joto. Lakini jambo moja lieleweke kabla hujanunua chochote: uma ulio wazi hupima halijoto na uzito wa hewa kwa pamoja. Asiyetenganisha hivyo viwili atapata tarakimu nyingi nyuma ya nukta na zote zitakuwa za uongo. Sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa ni kuvitenganisha.

Uma upi ununue

Kristali ya kawaida ya saa ni rahisi na inapatikana kwa kila fundi, lakini kwa halijoto za huku kwetu ina kasoro kubwa. Masafa yake hufuata mkunjo, si mstari. Kilele cha mkunjo huo kiko karibu na nyuzi 25, na kutoka hapo masafa hushuka kwa 0.034 ppm (sehemu kwa milioni) mara mraba wa tofauti ya nyuzi. Watengenezaji wa saa walichagua kilele kiwe hapo makusudi, ili saa iliyo mkononi au ukutani isiyumbe. Kwa mpimaji hiyo ni hasara tupu: kwenye nyuzi 25 uma hauhisi chochote, na nyuzi 20 na nyuzi 30 hutoa masafa yaleyale. Chumba cha kawaida cha Mombasa au Dar es Salaam kinaangukia hapohapo kwenye kilele.

Ukienda mbali na kilele mambo hubadilika. Ndani ya friji ya chanjo, inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, uma uliofungwa wa saa hubadilika kwa karibu 1.4 ppm kwa kila nyuzi. Hicho ni kiasi kinachopimika vizuri. Tatizo ni kuzeeka: kristali hizi huweza kuhama hadi 3 ppm katika mwaka wa kwanza, na kwa unyeti huo hilo ni kosa la nyuzi 2. Kwa hiyo kristali ya saa ni nzuri kwa kujifunzia na kama uma wa pili wa kusahihishia, kama tutakavyoona. Usiitegemee peke yake.

Kwa kazi yenyewe tafuta uma uliokatwa kwa ajili ya kupimia joto. Kwatsi hukatwa kwa pembe mbalimbali dhidi ya mihimili ya fuwele, na pembe ikibadilishwa, mkunjo hugeuka kuwa karibu mstari. Wazo hili si geni. Mwaka 1965 Hewlett-Packard walitoa kipimajoto chao 2801A, chenye bamba la kwatsi lililokatwa kwa pembe ya namna hiyo. Lilitetemeka kwa MHz 28, likabadilika Hz 1,000 kwa kila nyuzi, na kifaa kiliweza kuonyesha hatua za nyuzi 0.0001. Kwa umbo la uma mdogo, unaojulikana zaidi ni HTS-206 wa Epson: masafa yake ni kHz 40, nao hushuka kwa karibu 30 ppm kwa kila nyuzi inayopanda, yaani karibu Hz 1.2. Hauuzwi kila duka, itabidi uagize. Uma wa aina hii tutauita uma wa mstari. Agiza mitano, kwa sababu utavunja angalau mmoja.

Hewa inaufanya nini uma

Ndani ya kopo mna ombwe. Uma ukiwa humo hutetemeka makumi ya maelfu ya mara kabla ya kufifia. Ukiingiza hewa, meno hulazimika kuisukuma hewa huku na huku, na hewa hiyo huwa kama mzigo uliofungwa kwenye meno. Matokeo ni mawili. Kwanza, mtetemo hufifia mapema, mara kumi hivi kuliko kwenye ombwe. Pili, masafa hushuka. Kwa kristali ya saa mshuko huo ni wa Hz 8 hivi kwenye usawa wa bahari, sawa na karibu 240 ppm.

Tuichukue hiyo 240 ppm taratibu, maana ndiyo kiini cha kila kitu. Mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari ni takriban hPa (hektopaskali) 1,013. Ukigawanya, kila hPa moja inachukua karibu 0.24 ppm. Kwa uma wenye unyeti wa 30 ppm kwa nyuzi, hPa moja ni kosa la nyuzi 0.008, dogo lakini linaonekana. Kwa kristali ya saa iliyo wazi ndani ya friji, hPa moja ni kosa la zaidi ya nyuzi 0.1.

Sasa angalia mazingira yetu. Karibu na ikweta mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya bahari. Huwa juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na chini karibu saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, tofauti ikiwa karibu hPa 3. Uma wako wa mstari utaonyesha wimbi la nyuzi 0.025 ambalo halipo. Ukiupima uma Dar es Salaam, kwenye hPa 1,010, kisha ukausafirisha hadi Nairobi, kwenye hPa 835 hivi, masafa yatapanda kwa 42 ppm na kipimajoto kitasoma nyuzi 1.4 chini ya ukweli. Hakuna kilichoharibika. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, basi.

Unyevu nao umo. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo hewa yenye unyevu mwingi huupunguzia uma mzigo. Kwenye nyuzi 30, kutoka unyevu wa asilimia 30 hadi 80, masafa hupanda kwa karibu 2 ppm, sawa na nyuzi 0.06 kwa uma wa mstari. Halafu maji hujipaka juu ya kwatsi yenyewe kama utando usioonekana na kuyavuta masafa chini. Athari hii ya pili haina fomula ya kuaminika. Ikwepe kwa kuweka uma safi na mbali na kiwango cha umande (halijoto ambayo mvuke wa hewani huanza kuwa maji).

Vifaa

Upande wa umeme hauna kitu cha ajabu. Utahitaji uma mmoja wa mstari wa kHz 40 na kristali moja ya saa ya kHz 32.768, IC (chipu) mbili za 74HC4060, rezista mbili za megaohm 10, mbili za kiloohm 330 na mbili za kiloohm 100 za akiba, kapasita nne za pF 22 na nne za pF 12, kidhibiti cha volti 3.3 cha peke yake kwa ajili ya saketi hii. Rezista mbili za ohm 100 na kapasita mbili za µF 10 za kuchuja umeme. Raspberry Pi Pico (bodi ndogo ya kompyuta). Moduli ya GPS yenye mguu wa PPS (mpigo mmoja kila sekunde), kwa mfano NEO-6M. Na kihisi cha mgandamizo BMP280. Kwa majaribio: mtungi wa kioo wa lita 1 wenye kifuniko kinachobana, sirinji ya ml 60, chupa ya chai, na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu).

Kwenye kapasita usifanye uchumi. Zile za pF 22 lazima ziwe za aina ya C0G, ambayo pia huandikwa NP0. Za umbo la kidonge hutambulika kwa doa jeusi kichwani. Sababu ni kwamba kila pF moja inayoongezeka kwenye mzigo wa umeme wa kristali huvuta masafa kwa karibu 8 ppm. Kapasita ya ovyo inayoyumba kwa joto itakuwa kipimajoto cha pili ndani ya saketi, nacho kitapima joto la mahali pasipohitajika.

Saketi

74HC4060 ina kigeuzi cha kutetemesha kristali na kigawanyaji ndani ya IC moja. Unganisha hivi, saketi moja kwa kila uma:

1. Mguu wa 16 uende kwenye volti 3.3 kupitia rezista ya ohm 100, na kapasita ya µF 10 kati ya mguu huo na ardhi. Mguu wa 8 na wa 12 viende ardhini. Ukisahau wa 12, kigawanyaji hakitahesabu.
2. Rezista ya megaohm 10 kati ya mguu wa 11 na wa 10.
3. Mguu mmoja wa kristali uende mguu wa 11 wa IC. Mwingine uende mguu wa 10 kupitia rezista ya kiloohm 330.
4. Kapasita moja ya pF 22 kutoka kila mguu wa kristali hadi ardhini.
5. Toa ishara kwenye mguu wa 3. Hapo masafa yamegawanywa kwa 16,384: kristali ya saa itatoa mipigo 2 kwa sekunde, uma wa kHz 40 utatoa 2.44.

Rezista ya kiloohm 330 ndiyo inayolinda uma. Kristali hizi huvumilia µW 1 tu. Ukiziendesha kwa nguvu zaidi, meno hutetemeka kupita kiasi, masafa huhama, na uma hujipasha joto wenyewe.

Waya kati ya uma na IC usizidi sentimita 3 na uwe mwembamba, milimita 0.2 au chini, kwa sababu waya mnene hubeba joto la bodi hadi kwenye uma. Usiache waya zikicheza: mabadiliko ya pF 0.1 kwa kuusogeza waya tu ni 0.8 ppm. Ukimaliza kulehemu, osha ute wa risasi kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke, kisha paka vanishi sehemu ya megaohm 10. Kwenye unyevu wa pwani uchafu wa kulehemu hupitisha umeme kiasi cha kushindana na rezista hiyo.

Wakati wa kulehemu, shika mguu wa kristali kwa koleo kati ya kopo na mahali pa kuchomea, na usizidishe sekunde 3. Ukitaka kuukunja mguu, kunja mbele ya koleo, usikunjie kwenye kopo, maana kioo kinachoziba chini hupasuka na ombwe huondoka bila wewe kujua. Na usiweke kristali kwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti. Meno hukatika humo.

Washa saketi uma ukiwa bado umefungwa. Subiri sekunde chache, kwani uma huchukua muda kuamka. Andika masafa. Hii ni namba utakayoihitaji baadaye.

Kufungua kopo

Njia ya haraka ni kulivua kopo lote, lakini hatuishauri. Uma ulio uchi hupigwa na upepo, vumbi na vidole. Afadhali kutoboa tundu dogo kwenye ncha na kuliacha kopo likiwa ngao. Wepesi utapungua, lakini maisha ya uma yataongezeka sana.

Sugua ncha ya kopo kwenye msasa namba 400 uliolazwa juu ya kioo, kwa mzunguko, bila kukandamiza. Kila baada ya misuguo kumi, futa na uangalie kwa kioo cha kukuzia. Bati likikaribia kuisha, ncha hubadilika rangi na kuonekana kama ngozi ya ngoma. Simama hapo. Futa unga wote wa bati kwa kitambaa chenye spiriti, ukaushe, na fanya kazi iliyobaki mahali pasipo na vumbi. Hatua hii watu huiruka na kujuta: ndani mna ombwe, na ukitoboa, hewa huingia kwa kasi na kuvuta kila chembe iliyo karibu na tundu. Toboa kwa sindano safi, kidogo tu, ncha ikitazama chini.

Kujua kama umefaulu ni rahisi kwa sababu saketi itakwambia. Masafa yatashuka papo hapo kwa Hz kadhaa. Yakishuka kisha yakaendelea kuteremka polepole, kuna uchafu au unyevu. Yakitulia, vizuri. Mtetemo ukikata kabisa, usidhani uma umekufa. Kwenye hewa, ukinzani wa uma hupanda mara kadhaa, kutoka makumi ya kiloohm hadi zaidi ya 100, na huenda IC haina nguvu ya kuuendesha. Badilisha kiloohm 330 uweke 100, na kapasita za pF 22 uweke za pF 12. Mara nyingi hufufuka.

Fungua uma wa mstari na kristali ya saa, vyote viwili. Sababu inakuja.

Kuhesabu

Ukihesabu mitetemo ya uma kwa sekunde 10, utapata namba nzima yenye uhakika wa mtetemo mmoja, yaani Hz 0.1, karibu 2.5 ppm. Hiyo ni nyuzi 0.08, na tunataka bora zaidi. Kwa hiyo geuza kazi: usihesabu mitetemo ndani ya muda, pima muda wa mitetemo. Pico hupiga mipigo milioni 125 kwa sekunde. Kwa muda wa sekunde 10, hatua moja ya saa yake ni chini ya 0.001 ppm, ndogo kuliko kitu chochote kingine kwenye mfumo huu.

Lakini kristali ya Pico yenyewe hubadilika kwa joto. Ndiyo maana kuna GPS. Kila sekunde GPS hutoa mpigo wa PPS wenye mtikisiko mdogo sana, kiasi cha sehemu 30 za bilioni ya sekunde kwa NEO-6M. Rekodi kwa kaunta ileile ya Pico wakati wa kila mpigo wa uma na wa kila mpigo wa PPS. Kama mipigo N ya uma imechukua hatua A za kaunta, na sekunde M za PPS zimechukua hatua B, basi:

masafa = (N × 16,384 ÷ A) × (B ÷ M)

Kosa la Pico limo ndani ya A na B kwa pamoja, hivyo hujifuta. Nyakati zishikwe na PIO ya Pico (sehemu ya chipu inayoshughulikia ishara peke yake), sio na programu inayokatizwa kila mara, kwani ucheleweshaji wa programu hauko sawa. Kumbuka pia kuwa kaunta ya biti 32 hujaa na kurudi sifuri kila sekunde 34. Usipoliandikia hilo, masafa yataruka ovyo kila nusu dakika na utaanza kumshuku uma asiye na kosa.

Mwenye Arduino Uno anaweza kuanza nayo, ila ajue mambo mawili: kazi ya micros() husonga kwa hatua za µs 4, na kinachoendesha chipu yake ni resoneta ya seramiki, ambayo ni mbaya kuliko kristali. Bila PPS haifai kwa kazi hii.

Uma wa pili unaofuta hewa

Kristali ya saa iliyo wazi, ikikaa milimita 5 kutoka kwa uma wa mstari, huvuta hewa ileile. Mgandamizo ukipanda, zote mbili hushuka kwa ppm zinazokaribiana. Halijoto ikipanda, ya mstari hushuka kwa 30 ppm kwa nyuzi, ya saa hubadilika kidogo tu. Kwa hiyo gawanya masafa ya moja kwa ya nyingine, utumie uwiano badala ya masafa. Sehemu kubwa ya athari ya hewa hutoweka, na hata GPS haihitajiki tena kwa kuwa uwiano haujali saa ya nje. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa mwenye vifaa vya kawaida.

Maumbo ya uma hizo mbili hayafanani kabisa, hivyo kuna mabaki. Yapime.

Mtungi na sirinji

Weka uma zote mbili na BMP280 ndani ya mtungi wa lita 1, pamoja na kijiko cha silika jeli. Pitisha waya na mrija wa sirinji kwenye kifuniko, ziba kwa gundi ya silikoni, acha usiku kucha. Funika mtungi kwa blanketi ndani ya boksi ili halijoto isiyumbe.

Ingiza ml 60 za sirinji. Mgandamizo utapanda kwa karibu hPa 60. Usisome hapo hapo: hewa iliyobanwa hupata joto, na utapima joto hilo badala ya mgandamizo. Subiri dakika 10, soma masafa ya kila uma pamoja na mgandamizo. Rudisha sirinji, subiri, soma. Kisha vuta uende chini ya kawaida. Fanya duru tatu. Gawanya badiliko la ppm kwa badiliko la hPa, utapata namba ya kila uma, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mabaki ya uwiano. Ukikuta uma mmoja unatoa chini ya 0.05 ppm kwa hPa, uwezekano mkubwa tundu limeziba au halikufunguka. Ukikuta mgandamizo wa kurudi haulingani na ule wa kuanzia, mtungi unavuja.

Barafu na gali

Nukta ya kwanza ni nyuzi 0. Gandisha maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, yaponde hadi yawe kama chumvi ya mawe, jaza chupa ya chai, ongeza maji baridi ya aina hiyohiyo mpaka mianya ijae, kisha mwaga maji yaliyozidi. Barafu ielekee kuwa ya kijivu, isiwe nyeupe kavu: nyeupe kavu inaweza kuwa chini ya sifuri. Ikiandaliwa hivi, hukaa ndani ya nyuzi 0.01.

Uma ulio wazi hauingii majini, bali ndani ya mrija mwembamba. Na hapa pana mtego. Ukiziba mrija kabisa, hewa ya ndani haiwezi kutoka wala kuingia, hivyo uzito wake kwa kila ujazo haubadiliki hata joto likibadilika. Nje, kwenye hewa huru, hewa ya moto hutanuka na kuwa nyepesi, na hilo peke yake huongeza karibu 0.8 ppm kwa kila nyuzi. Kwa hiyo uma uliosahihishwa kwenye mrija uliozibwa utakosea kwa karibu asilimia 3 ya kila badiliko ukiwa huru: nyuzi 0.8 kwa safari ya nyuzi 30. Acha mrija upumue kwa bomba jembamba, nalo lipitie kwenye silika jeli. Silika jeli hiyo si ya mapambo. Kiwango cha umande cha pwani huzunguka nyuzi 22 hadi 25, na hewa hiyo ikifika kwenye uma wa nyuzi 0 itatonesha maji juu ya meno.

Nukta ya pili iliyo bora ni kuyeyuka kwa gali (metali iitwayo gallium): nyuzi 29.7646, moja ya nukta rasmi za kipimo cha kimataifa cha halijoto cha mwaka 1990. Gramu 50 zinatosha. Weka gali kwenye chombo cha plastiki laini, kamwe si aluminiamu, kwa sababu gali huila aluminiamu mpaka isambaratike, wala si kioo, kwa sababu hutanuka ikiganda na kukipasua. Zamisha mrija ndani ya gali iliyoganda, weka chombo kwenye maji ya nyuzi 31, na subiri masafa yatulie kwenye uwanda tambarare wakati gali inayeyuka. Usitumie kuganda: gali hupoa chini sana ya nukta yake bila kuganda.

Asiyepata gali atumie beseni la maji lililokorogwa pamoja na kihisi cha TMP117, kinachodaiwa usahihi wa nyuzi 0.1, au kipimajoto chenye cheti kutoka maabara ya vipimo, kama zile za TBS (Tanzania) na KEBS (Kenya). Maji ya kuchemka yaache. Nairobi huchemka karibu nyuzi 95, na uma nyingi zina kikomo cha nyuzi 85.

Mfano wa hesabu: masafa kwenye barafu Hz 40,028.50, kwenye gali 39,993.24. Tofauti ni 35.26 kwa nyuzi 29.76, yaani Hz 1.185 kwa nyuzi. Ukisoma 40,000.12, tofauti na barafu ni 28.38, hivyo halijoto ni nyuzi 23.95. Ongeza nukta ya tatu katikati, karibu nyuzi 15, ili kupata mkunjo mdogo uliobaki. Ukitumia uwiano wa uma mbili nukta hiyo si hiari, kwa sababu mkunjo wa kristali ya saa umo ndani yake. Andika pia mgandamizo wa siku hiyo.

Mambo yanayoharibu kipimo

Vumbi ni adui mkubwa. Uzito unaotembea kwenye ncha za meno ni chini ya miligramu moja, kiasi kwamba chembe moja yenye upana wa sehemu ya mia ya milimita ikinata kwenye ncha huvuta masafa kwa takriban 0.5 ppm, karibu nyuzi 0.02. Masafa yakishuka ghafla na yasirudi, na uma wa pili haukushuka, ni chembe. Chumvi ya bahari ni mbaya zaidi kwani hunyonya maji usiku na kukauka mchana, nawe utaona kosa linalokwenda na saa. Chovya kopo kwenye isopropili safi ya asilimia 99, litikise, likauke kwa saa moja, usilipulize kwa mdomo.

Jua hupasha kopo juu ya joto la hewa. Kipimajoto cha hewa kinahitaji kivuli chenye matundu, kilichopakwa rangi nyeupe, hata kama kihisi ni kidogo kama hiki.

Uma mbili zikishiriki umeme usiochujwa huanza kusikilizana, na masafa hupata mawimbi ya polepole yanayofanana na halijoto. Rezista za ohm 100 ziko pale kwa ajili hiyo. Kuanguka kwenye sakafu ya saruji kutoka mezani kunatosha kuvunja jino au kuhamisha masafa kabisa, kwa hiyo uma ulioanguka huanza upya kwenye barafu.

Na hata usipoanguka, rudi kwenye barafu baada ya wiki moja, kisha mwezi, kisha kila miezi mitatu. Kwatsi mpya huzeeka haraka mwanzoni. Badilisha namba ya sifuri tu kwenye programu na uache mwinuko (Hz kwa kila nyuzi) kama ulivyo, kwani huo hauhami kwa urahisi. Ukikuta sifuri imehama zaidi ya nyuzi 0.1 ndani ya mwezi mmoja, usisahihishe: safisha uma kwanza, upime tena, ndipo uamue.